Mguso

Etelka hapimi kwa macho. Macho, asema, yana adabu mno,
hukubali kila kitu.
Huchukua uzi, akaupitisha kati ya gego na gego la jasi,
akasikiliza.
Ukipita kimya, kazi irudi tanurini.
Ukikatika, irudi kwenye jiwe la kusagia.
Uzi mwema husema *tk*, mara moja tu,
kama mtu anayeweka kikombe mezani
akiwa na hasira kidogo.

Hapa ni Sopron, mpakani. Mitaa mizima
hula kwa meno ya watu wengine:
Waaustria hushuka treni asubuhi wamefumba midomo,
jioni hurudi kwao wakicheka na vioo vya madirisha.

Nina miezi kumi na mmoja humu. Nilidhani
meno hupangwa kama vitabu, yakatulia.
Sikujua kila jino huning'inia ndani ya kikombe chake cha mfupa
kwa nyuzi asizoziona mtu,
wala kwamba maisha yote, taratibu,
meno husogea mbele
yakikwanguana ubavu kwa ubavu,
mpaka ile nukta yalipogusania ujanani
ikawa kiwanja kidogo, bapa, king'aacho.
"Ukimpa mtu wa miaka sabini mguso wa kijana,"
asema Etelka, "umemdanganya."

Na chini ya mguso, ufizi.
Haupandi popote upendapo.
Pale meno mawili yanapokutana, si mbali na mfupa,
ndipo nyama ile ya waridi huchongoka,
ikaziba pembetatu, chakula kisinase.
Yatenganishe: inashuka, inakuwa bapa.
Hakuna aliyeipiga, hakuna aliyeikata.
Imekosa tu sababu ya kupanda.

Wanasema meno ya mbwa hayaumani.
Hawakukaa kati ya Etelka na Kálmán,
ndugu wa tumbo moja, mabenchi mawili, taa moja,
miaka ishirini na sita
ya "sogeza kiwiko chako",
ya redio kuzimwa, kuwashwa, kuzimwa.
Alifariki Februari. Benchi lake lina shuka juu yake,
na chini ya shuka, kisu chake bado kina nta.

Leo limekuja sanduku kutoka kliniki:
taya la juu la Bibi Lackner wa Graz.
Gego dogo la kushoto lilikwisha kung'olewa miaka mitatu,
naye akangoja, kwa kuwa akicheka pengo halionekani.
Nikapima. Milimita tano na nusu.
Zilipaswa kuwa saba.
"Bikari imekosea," nikasema.
"Bikari haikosei. Jirani ameegemea."
Akanionyesha kwa ncha ya kisu:
gego la nyuma limelalia mbele kama abiria aliyesinzia,
na lile la chini, lililokosa wa kutafuna naye,
limechomoza kumtafuta.

Nikainama kuokota penseli.
Chini ya kiti chake sakafu ina mikwaruzo mipya,
minne, sambamba, yote yakwenda kulia,
kama upana wa kidole kwa wiki,
kuelekea benchi lenye shuka.

Sikusema kitu. Nilichonga jino jembamba
kuliko kitabu kinavyotaka,
mabega yake nikayafanya mapana kidogo
yawafikie majirani pale walipo,
si pale walipopaswa kuwa.

Saa kumi na moja kauri ilipoa. Akaipachika, akavuta uzi.
*Tk.*
"Limelegea," akasema, na halikuwa limelegea.
Kisha, akifuta mikono muda mrefu kuliko ulivyokuwa uchafu:
"Lete vifaa vyako huku. Ile taa inawaka bure."

Nikaondoa shuka. Nikaketi.
Kiwiko changu kikagusa chake.

"Sogeza," akasema.